Kilwa kwa mwendo wa maji: mwongozo kamili wa matembezi ya Kivinje na Kisiwani

Wageni wengi wa Kilwa huimaliza kwa saa tatu. Wanafika Masoko asubuhi, wanavushwa hadi Kisiwani, wanapiga picha mbele ya ngome iitwayo Gereza na Msikiti Mkuu, na alasiri wako njiani kurudi walikotoka. Kivinje wanaipita bila hata kugeuza shingo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutembea taratibu: siku moja nzima Kivinje, siku moja nzima Kisiwani, pamoja na siku ya kufika na ya kuondoka. Hauhitaji gari lako wala kampuni ya utalii. Unahitaji nauli ya basi, viatu vinavyoweza kulowa, na utayari wa kuiacha bahari ikupangie saa zako.

Kwanza jua kwamba Kilwa ni tatu. Kisiwani ndiyo ya kale, mji wa masultani uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo. Kivinje ilichukua nafasi katika karne ya 19, misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilipokuwa ikishukia pale. Masoko ipo kwenye rasi inayotazamana na kisiwa. Ndiyo makao makuu ya wilaya leo na ndipo utakapolala. Masoko hadi Kivinje ni chini kidogo ya kilomita 30 kwa barabara. Masoko hadi Kisiwani ni mkondo wa bahari wa kilomita mbili hivi.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mwezi

Usianze na kalenda ya likizo, anza na mwezi. Nyakati za bamvua, yaani maji makubwa, bahari ya upande huu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Mahali ambapo asubuhi mashua ilielea, adhuhuri utakuta tope, majani ya bahari na watoto wanaotafuta kaa. Saa ya kuvuka na saa ya vyombo kuingia haipangwi na wewe wala na nahodha.

Kanuni ya kukumbuka ni hii. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Hapo bahari hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, lakini tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo.

Ukisafiri na wazee, watoto wachanga au mtu anayesumbuliwa na magoti, chukua maji mafu. Utakanyaga tope kidogo zaidi, na nahodha hatakuwa na wasiwasi wa kukwama. Kama mna miguu mizuri, chagua siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, na ratiba yote iliyo hapa chini nimeipanga kwa siku hizo. Sababu ni mbili. Usiku wa giza ndio wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, ilhali mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika. Pili, siku hizo maji hujaa karibu na mapambazuko na tena magharibi inapokaribia, kwa hiyo vyombo huingia asubuhi na mapema, mchana kutwa ufuo uko wazi kwa miguu, na jioni maji yanakurudisha Masoko.

Kwa majira, Septemba hadi Novemba ndiyo miezi yangu ya kwanza: kusi, upepo wa kutoka kusini, limepungua, kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, halijashika, bahari imetulia. Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri wa kutembea, ila kusi huvuma kwa nguvu mchana, basi vuka mapema. Desemba hadi Februari ni joto kali. Machi hadi Mei ni masika, na hapo tatizo si kulowana tu. Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya kusini kati ya Dar es Salaam na Lindi, mabasi yakakwama kwa siku kadhaa. Msimu huo usiondoke nyumbani kabla hujaulizia hali ya madaraja ya upande wa Somanga.

Angalia pia Ramadhani. Kilwa ni mji wa Waislamu, na mchana wa mfungo migahawa mingi hufungwa. Anayefunga atafurahia futari za huko kuliko chakula chochote cha hoteli. Asiyefunga aje mwezi mwingine, au abebe chakula chake na akile faragha.

Hatua ya 2: Safari ya kwenda

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita 300 hivi. Mabasi ya kusini huchukua abiria Mbagala Rangi Tatu. Panda la alfajiri. Kama basi lako linakwenda Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru, kwenye njia panda, kisha chukua daladala au bajaji hadi Masoko. Basi linaloandikwa Kilwa Masoko hukufikisha moja kwa moja, na mwenye mizigo asikubali lingine. Kaa upande wa kulia wa basi: unaelekea kusini asubuhi, jua linapiga kushoto.

Njia yenyewe ni sehemu ya matembezi, ukijua unapita wapi. Baada ya Ikwiriri unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivushwa kwa pantoni, na mto ukifurika safari ya kusini ilikuwa bahati nasibu. Mbele kidogo ni Muhoro, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjekitile Ngwale, mganga wa maji ya dawa, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Matumbi kung'oa pamba na vita vya Maji Maji kuanza. Milima ya Matumbi iko upande wa magharibi wa barabara. Ukikaa kulia kama nilivyosema, ndiko utakakokuwa unatazama.

Somanga basi likisimama, nunua samaki wa kukaanga au pweza. Chagua kipande kilichotoka kwenye karai mbele ya macho yako, na uwe na noti ndogo mkononi, maana dirisha la basi halina subira.

Hatua ya 3: Siku ya kufika, maliza mambo matatu kabla ya giza

Ukishaweka mzigo kwenye nyumba ya wageni, usilale. La kwanza ni kibali. Magofu ya Kisiwani ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na huvuki bila kibali na mwongozaji. Ofisi inayoshughulikia magofu iko Masoko. Fika kabla haijafungwa, beba kitambulisho cha taifa, maana Mtanzania hulipa ada tofauti na mgeni wa nje, na uwe na salio kwenye simu kwa sababu malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya malipo. Ukiacha jambo hili hadi asubuhi ya kuvuka, maji yatakuwa yameshaanza kukimbia wakati wewe uko kwenye foleni.

La pili ni chombo. Kuna mashua za wakazi wa kisiwani zinazoondoka zikijaa, na kuna chombo cha kukodi. Kwa siku ya taratibu ninayokushauri, kodi, tena mgawane gharama watu wanne au watano. Zungumza na nahodha mwenyewe, si dalali, na mkubaliane mambo haya waziwazi: saa ya kuondoka, kwamba atakushusha kwanza karibu na gofu la jumba la Husuni Kubwa maji yakiruhusu, kwamba atasubiri hadi alasiri, na kwamba bei ni ya chombo kizima wala si ya kichwa. Tazama majaketi ya kuokoa maisha kwa macho yako, uyahesabu. Mashua ya tanga ni tamu kuliko boti ya mashine, lakini hakikisha ndani yake kuna mashine ya akiba au kasia za kutosha, maana upepo ukilala katikati ya mkondo mtabaki mkitazamana.

La tatu ni dogo: maji ya kunywa. Nunua ya siku mbili, lita tatu kwa mtu kwa siku ya Kisiwani.

Jioni hiyo nenda ufuo wa Jimbizi, palepale Masoko. Mchanga mzuri, maji matulivu, watoto wataoga. Lala mapema, ndani ya chandarua.

Hatua ya 4: Siku ya Kivinje

Amka saa kumi na moja. Bajaji iliyokubaliwa usiku uliopita ikukute mlangoni, ili kunapopambazuka uwe ufuoni Kivinje. Hapo maji yamejaa hadi karibu na mikoko, na vyombo vilivyokuwa baharini usiku vinaingia. Simama pembeni, usizuie njia ya wachukuzi. Utaona dagaa wakishushwa kwa ndoo na matenga, mnada ukianza kwa sauti ya chini kisha kupanda, akina mama wakitandaza mzigo wao chanjani na kwenye mikeka kabla jua halijawa kali. Ukitaka kupiga picha, anza na salamu. Kijana atasema "Mambo" na hiyo inatosha kwa vijana wenzako, ila kwa mtu mzima ni "Shikamoo", na ukiwa Muislamu "Asalaam aleikum" hufungua mlango wa baraza yoyote. Kisha omba. Akikataa, mshukuru, weka simu mfukoni.

Kifungua kinywa kipo karibu na soko: vitumbua, chapati, maharage ya nazi, chai. Kaa chini ule. Sehemu kubwa ya uzuri wa Kivinje utaupata umekaa, ukisikiliza watu wakizungumzia bei ya dagaa na nani kaoa wapi. Katika wilaya hii utakutana na Wamatumbi, Wangindo na Wamachinga, na kila mzee ana upande wake wa historia.

Sasa tembea. Anza na boma la Wajerumani, ghorofa linaloikabili bahari. Jengo limechakaa, basi litazame kutoka nje na usipande juu hata ukikuta mlango wazi. Karibu na ufuo kuna mnara mdogo wa mawe wenye majina ya Wajerumani wawili, Krieger na Hessel, maofisa wa kampuni ya Kijerumani waliouawa hapa Septemba 1888, pwani nzima ilipoinuka kupinga kampuni hiyo. Simama hapo kidogo na ujiulize mnara ule uliwekwa na nani na kwa ajili ya nani. Kisha muulize mwenyeji akupeleke penye kumbukumbu ya Mwembe Kinyonga. Ndipo alipotundikwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 pamoja na wenzake, baada ya kuwasumbua Wajerumani kwa miaka kadhaa. Walionyongwa baadaye, wakati wa Maji Maji, nao hukumbukwa mahali hapo. Jina limebaki hadi leo: hospitali ya wilaya, iliyo Kivinje, inaitwa Kinyonga, na kina mama wa Kilwa hujifungua watoto wao chini ya jina hilo. Kwa maoni yangu hakuna mahali katika Kilwa nzima panapostahili dakika nyingi zaidi ya hapo, kuliko hata msikiti wowote wa kisiwani. Nenda bila kelele, na kama una watoto waeleze kabla hamjafika.

Kutoka hapo ingia barabara ya maduka ya zamani. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zina roshani za mbao juu na milango mipana ya duka chini. Nyingine zimeshikwa na mizizi ya mti ukutani, nyingine bado zinauza sukari na mafuta ya taa. Nyumba nyingine ni za mawe ya tumbawe na chokaa, na palipobomoka unaona boriti za mikoko zilizobeba dari. Milango ya nakshi michache imebaki. Usiiguse sana wala usiulize bei yake. Milango ya pwani imeuzwa mingi mno kwa watu waliokuja kutembea tu.

Jambo zito la Kivinje usilikwepe. Utajiri wa nyumba hizi ulitokana na pembe za ndovu na pia na binadamu. Katikati ya karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kupitishia watumwa waliotolewa bara, maelfu kwa mwaka, kwenda Unguja na kwingineko. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku na Sultan Barghash mwaka 1873, lakini haikufa siku hiyo. Wazee wakiwa na nafasi watakuonyesha walikosimulia babu zao kwamba misafara ilikuwa ikituama. Sikiliza. Baadhi ya wanaokusimulia ni wajukuu wa waliouza, wengine wa waliouzwa, na wanaishi mtaa mmoja.

Saa tano ufuo umekuwa mkavu. Vyombo vimelala ubavu, mafundi wanaziba nyufa kwa kalafati. Unaweza kutembea pembeni mwa mikoko ukiwa na viatu vya plastiki, lakini usiende mbali kwenye tope: hunasa mguu, na maji yakianza kurudi kwenye tambarare hurudi kwa kasi. Kula chakula cha mchana kwa mama lishe, wali wa nazi na samaki wa mchuzi, kisha fanya wanachofanya wenyeji saa nane mchana, yaani kupumzika kivulini. Ikiwa ni Ijumaa, maduka yatafungwa wakati wa sala, hiyo isikuudhi.

Alasiri nenda barazani. Kahawa chungu, kashata, bao. Huna haja ya kujua kucheza, kuna atakayekufundisha. Kaa hadi maji yarudi na vyombo viinuke, halafu chukua usafiri wa Masoko kabla ya magharibi, maana baada ya hapo bajaji hupungua.

Hatua ya 5: Kuvuka kwenda Kisiwani

Saa moja asubuhi uwe gatini Masoko pamoja na mwongozaji wako. Wakati huo maji bado yako juu na upepo ni umande wa kutoka bara, mwepesi. Beba: maji, kofia, chakula cha mchana au mpango wa kupikiwa kisiwani (mwongozaji anaweza kupiga simu usiku uliopita), kanga ya kujifunika, mfuko wa plastiki wa simu, fedha ndogondogo. Wanawake wavae nguo ya kufunika mabega na magoti, wanaume waache kaptura fupi. Kisiwani kuna kijiji hai, na watu wanalima, wanavua na kuzika wapendwa wao miongoni mwa magofu.

Karibu kila mtu hushukia Gereza. Wewe mwombe nahodha apite mbele, upande wa mashariki, akushushe karibu na Husuni Kubwa wakati maji yamejaa. Kuna faida kubwa: unaanza na sehemu iliyo mbali kabla jua halijapanda, kisha unarudi kwa miguu kuelekea kijijini, chakula na kivuli vikikungoja mwisho wa njia badala ya mwanzo. Maji yakikataa, shukia Gereza na mtembee hadi Husuni kwanza. Ni mwendo wa chini ya saa moja kwa watu wasio na haraka.

Hatua ya 6: Kisiwani kwa mpangilio wake

Husuni Kubwa iko juu ya mwamba unaotazama bahari. Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa jina la Abu al-Mawahib, aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, nyua za kuwekea bidhaa, ukumbi wa kukutania na watu, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Kaa ukingoni mwa bwawa hilo. Kilwa ya wakati ule ilikuwa imeshika biashara ya dhahabu iliyotoka bara, upande wa Zimbabwe, ikipitia Sofala, na masultani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Moja imepatikana Great Zimbabwe, na mwaka 1944 sarafu kadhaa za Kilwa ziliokotwa mbali kabisa, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 na akaandika kwamba ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Ukarimu wa sultani huyu ulimgusa. Jumba lenyewe halikukaliwa muda mrefu, na huenda halikumalizika.

Ng'ambo ya bonde dogo ni Husuni Ndogo, ua wa mstatili wenye kuta nene. Wataalamu wanabishana lilikuwa la kazi gani. Litazame, endelea.

Njia ya kurudi magharibi inapita mashamba, minazi na mibuyu. Tembea polepole, pumzika kila penye kivuli, salimia kila unayekutana naye. Usiokote vigae vya vyungu hata kama vimetapakaa njiani. Kila kipande ni cha kisiwa, na mwanaakiolojia hukisoma kulingana na mahali kilipolala.

Msikiti Mkuu upe saa nzima. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Upande wa kusini uliongezwa wakati wa sultani yuleyule wa Husuni, kwa matao na kuba, na baadaye ukakarabatiwa. Ingia kutoka upande wa kongwe kuelekea mpya ili uone jinsi mji ulivyokuwa ukitajirika. Asubuhi ikielekea adhuhuri mwanga huanguka katikati ya matao, na hapo tu, kama una kamera, ndipo pa kuitumia kwa wingi. Ni nyumba ya ibada ingawa ni gofu: usipande kuta, usikae kibla, usile ndani.

Hatua chache kutoka hapo ni Msikiti Mdogo wa kuba, wa karne ya 15, uliohifadhika kuliko majengo mengi kisiwani. Inua kichwa uangalie dari, palipokuwa pamepachikwa vibakuli vya kauri kama mapambo. Karibu na hapo pia kuna makaburi ya masultani.

Mwongozaji atakusimulia hadithi ya mwana wa mfalme wa Shiraz, Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Imo katika historia ya kale ya Kilwa, na wakazi wanaipenda. Uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha mchanganyiko wa kina mama wa Kiafrika na kina baba wengi wenye asili ya Uajemi kuanzia karibu mwaka 1000. Muulize mwongozaji anaonaje. Mazungumzo hayo, chini ya mbuyu, ni bora kuliko bango lolote.

Makutani, lenye kuta ndefu, ni jumba la karne ya 18, Kilwa ilipofufuka kwa muda. Ufufuko huo nao una doa: mwaka 1776 sultani alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa. Baada ya hapo maliza na Gereza, ufuoni. Wareno walivamia mji Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani ya miaka ya 1800. Bahari imekuwa ikizila kuta hizo, na magofu haya yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa mwaka 2014. Ndiyo maana ada uliyolipa juzi ina maana, na ndiyo maana nakusihi usiegemee ukuta wowote.

Sasa ni saa saba, bahari imepwa. Hapa ndipo wenye haraka huanza kulalamika kwamba mashua haielei. Wewe kula. Ukiwa umeagiza, utapata samaki, wali na mchuzi kwenye nyumba ya mtu. Lipa vizuri, sifia mpishi, na wape watoto muda wa kucheza na wenzao. Baada ya chakula unaweza kuwatazama wanawake na vijana wanaotafuta pweza na chaza kwenye miamba iliyofunuliwa. Waangalie kwa umbali, usigeuze mawe wala kukanyaga matumbawe. Usinunue kombe au kauri kubwa zilizo hai.

Kwenye saa tisa au saa kumi maji yanakuwa yamerudi kiasi cha kuelea. Utapanda chomboni kwa kukanyaga maji ya magoti. Vua viatu vya ngozi, vaa vya plastiki, kwa sababu chini kuna miamba yenye makali. Wakati wa kusi mawimbi ya alasiri hurusha maji ndani, basi simu na nguo kavu ziwe ndani ya mfuko. Mwongozaji apewe ahsante yake mkononi, kwa heshima, kando na ada. Nahodha na baharia vilevile.

Hatua ya 7: Ukiwa na siku ya ziada

Iongeze kwa Songo Mnara, kisiwa kingine kusini zaidi chenye magofu ya nyumba na misikiti ya karne ya 14 na 15, yaliyo katika orodha ileile ya urithi. Safari ni ndefu, inahitaji boti ya mashine, na pwani yake ya mikoko haikubali kuingiliwa maji yakiwa yamepwa. Usiiunganishe na Kisiwani kwa siku moja hata nahodha akikuhakikishia inawezekana. Utaona vyote viwili vibaya.

Asiyetaka bahari tena abaki Jimbizi na kitabu. Siku hiyo nayo imetumika vizuri.

Hatua ya 8: Kurudi

Kata tiketi jioni ya kabla. Mabasi ya Dar es Salaam huondoka Masoko asubuhi na mapema, na viti vya mbele huisha kwanza. Safari hii kaa kushoto, jua litakuwa kulia. Korosho nunua Masoko au Nangurukuru, na ukikuta ming'oko, viazi pori vya kusini, ya kuchemsha chukua, kwa sababu Dar es Salaam hutaipata kwa urahisi. Dagaa wakavu wa Kivinje wafungwe kwenye mifuko miwili na uwaweke kwenye buti la basi, si juu ya kichwa cha jirani yako.